Nyayo za Hewa Isiyokamatika

Miongoni mwa vitu ambavyo mwili wa binadamu hujitengenezea bila ya mwenyewe kutanabahi ni hewa iitwayo nitriki oksaidi, ambayo huilegeza mishipa ya damu ipate kupanuka, na ambayo iliwapatia wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Taabu ya kuipima ni kwamba umri wake ni sekunde chache tu: damu haijafika maabara, nayo imekwisha kugeuka.

Lakini msasi hodari, asipomwona mnyama, husoma nyayo. Hewa hiyo huacha mabaki mawili yenye kudumu, nitriti na nitrati. Na tangu mwaka 1879 Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha bia mjini Burton, Uingereza, alikwisha kubainisha jinsi nitriti inavyotambulika kwa rangi.

Mpimaji huchukua utegili wa damu au mkojo, akauondoshea protini zisiutie ukungu, akatia kimeng'enya cha kuirudisha nitrati kuwa nitriti, kisha akadondosha matone katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Hutangulia salfanilamidi iliyo ndani ya asidi, hufuata dawa ya pili, na maji yaliyokuwa maangavu huiva rangi ya waridi mbele ya macho, hafifu penye nitriti haba, kali penye nyingi. Hapo chombo hupima mwanga wa nanomita 540 unaomezwa na rangi ile, na jawabu hulinganishwa na vishimo ambavyo kiasi chake cha nitriti kilijulikana tangu awali.

Manufaa yake yalidhihirika Dar es Salaam, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996: watoto ambao malaria iliwapanda kichwani walikutwa na mabaki hayo kwa uhaba, ilhali waliobeba vimelea bila ya kuugua walikuwa nayo kwa wingi, ikadhaniwa kwamba hewa hiyo ni ngao ya mwili.

Hata hivyo rangi haisemi nyayo ni za nani, kwani mchicha nao una nitrati. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu, kabla hajaiamini sahani yake, humgeukia mzazi na kuuliza kwa upole: "Mama, mtoto amekula nini tangu jana?"