Mgonjwa wa Nyumbani, Mita ya Umeme na Bomba la Maji

Katika kambi zetu na katika vituo vya polisi, jeraha la risasi lina heshima yake na kila mtu huliulizia. Lakini kisukari cha mke, selimundu ya binti, pumu ya mtoto, au mapafu ya baba mzee aliyeletwa kutoka kijijini, hayo huachwa yawe siri ya nyumba. Hata hivyo ugonjwa wa namna hii, ambao haumalizwi na dawa za juma moja, una gharama isiyoonekana katika karatasi ya daktari. Ni gharama ya umeme unaotunza dawa au kuendesha mashine, na ya maji ya kufulia, kuogea na kunywa. Hospitali ya serikali yaweza kutoa dawa bila malipo. Mita iliyo ukutani haitoi kitu bila malipo.

Askari wanaoishi Mbarara na kandokando yake wamekuwa wakituuliza kama serikali inalo punguzo la ankara za umeme na maji kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo lenye faida, nalo ndilo tunaloliandika leo.

Bei za umeme nchini Uganda hupangwa na Mamlaka ya Kusimamia Umeme, ERA, nayo huzipitia kila robo ya mwaka. Anayeuza umeme kwa wateja walio wengi ni kampuni ya serikali ya UEDCL, iliyoshika kazi hiyo tarehe 1 Aprili 2025, baada ya kwisha mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyoitwa Umeme. Wateja hupangwa kwa madaraja: wa nyumbani, wa biashara, wa viwanda. Daraja la mgonjwa halimo. Lakini ndani ya daraja la nyumbani mna msaada ambao wengi huutumia bila kuujua, au huukosa bila kujua kwamba wameukosa. Kwa bei za mwaka 2025, uniti 15 za kwanza za kila mwezi ziliuzwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 bei ilipanda hadi shilingi 756 hivi. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 ilishuka hadi shilingi 412, kwa nia ya kuwavuta wananchi waache mkaa na kupika kwa umeme. Kisha ikarudi juu. Juu ya yote hayo kuna kodi ya asilimia 18.

Sasa msomaji aangalie vizuri: uniti hizo 15 za bei nafuu hutolewa kwa mita. Hazitolewi kwa mtu, wala kwa familia. Hapo ndipo penye kiini cha mambo.

MITA MOJA, MILANGO SITA

Tuchukue mfano wa koplo aliyepanga chumba mjini Mbarara katika safu ya vyumba vya namna ile ambavyo huku kwetu huitwa mizigo, na kwa mwenye mgonjwa jina hilo limepata maana yake kamili ya Kiswahili. Milango ni sita, mita ya Yaka ni moja. Uniti 15 za bei nafuu zikigawanywa kwa milango sita, kila familia hupata mbili na nusu, nazo huisha kabla ya mwezi kupevuka. Toka hapo hadi uniti ya 80 wote hununua kwa bei ya juu. Wapo pia wenye nyumba waliofunga vijimita vyao wenyewe na kuuza uniti kwa bei wanayoitaka. Mke wa koplo huyo anatumia insulini na ana friji ndogo inayokula uniti moja hivi kwa siku. Angekuwa na mita yake mwenyewe, uniti 30 za mwezi zingemgharimu shilingi 15,000 na kidogo, kabla ya kodi. Katika mita ya ushirika aweza kulipa hadi shilingi 21,400 hivi. Tofauti ya shilingi 6,300 hivi kila mwezi yaweza kuonekana ndogo kwa aliye na afya. Kwa mgonjwa ni nauli ya kliniki au ni vijiti vya kupimia sukari. Tena fedha si jambo peke yake: jirani asipochanga, giza huingia vyumba vyote sita.

Kwa sababu hiyo tunasema kwamba msaada wa kwanza wa mwenye mgonjwa ni mita yake mwenyewe. Kazi hiyo huhitaji idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, kitambulisho, na cheti cha fundi umeme mwenye leseni kinachothibitisha kwamba nyaya za chumba ni salama. Gharama ya kuunganishiwa imepunguzwa kwa baadhi ya wananchi kwa nyakati mbalimbali chini ya mipango ya serikali, pamoja na mradi wa kupanua umeme ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2022 na ambao unazihusu pia wilaya zinazopokea wakimbizi. Hivyo inafaa kuuliza katika ofisi ya UEDCL kabla ya kulipa chochote, na kuuliza dirishani, si kwa kijana anayezungukazunguka nje na ngazi begani.

Kuna wanaoichukua njia ya mkato na kuvuta waya juu ya mita. Sheria ya Umeme ilirekebishwa mwaka 2022 na adhabu za wizi wa umeme zikaongezwa sana. Askari akipatikana na kosa hilo atapambana na mahakama pamoja na nidhamu ya kikosi, na mgonjwa wake atabaki gizani vilevile.

JE, FRIJI NI LAZIMA?

Watu wengi hununua friji kwa hofu, na hofu hiyo ndiyo inayowafilisi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa vizuri zaidi katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kiasi kikubwa cha akiba yafaa kibaki katika friji, hata ikiwa ni ya kliniki. Lakini chupa iliyokwisha kufunguliwa ni jambo jingine. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto ndani ya nyumba za wagonjwa na kuliona likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini katika joto la namna hiyo kwa majuma manne, wakaona nguvu yake hailegei kuliko ile iliyokaa katika baridi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021. Uchunguzi mwingine mpana wa mwaka 2023 uliunga mkono jambo hilo.

Mbarara ina hewa ya nyanda za juu, si joto la Dadaab. Vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa maji katikati na kitambaa kibichi juu, huweka ubaridi wa kutosha kwa chupa moja inayotumika, ikiwa imefungwa katika mfuko isiguse maji. Isiwekwe juani, isiachwe igande katika barafu. Muuguzi wa kliniki aulizwe kwanza, kwa kuwa insulini ni za aina nyingi. Lakini aulizwe kabla ya mtu kukopa fedha za friji, si baada ya kukopa.

Mashine ya oksijeni haina chungu cha kuiokoa. Ile ya kawaida ya nyumbani ikifanya kazi usiku na mchana hula uniti saba hadi nane kwa siku. Kwa hesabu ya bei tulizozitaja, na kodi ikiwa ndani, mwezi mzima ni kati ya shilingi laki moja na nusu na laki moja na elfu sabini na saba hivi. Mshahara wa askari wa cheo cha chini hauwezi kuubeba mzigo huo bila kuyumba. Katika jimbo la California, huko Marekani, daktari akithibitisha kwamba mgonjwa anategemea mashine, nyumba yake huongezewa uniti za bei ya chini. Nchini Uingereza mgonjwa wa namna hiyo huandikwa katika daftari la wateja wa kipaumbele, akapashwa habari mapema umeme unapokatwa kwa matengenezo. Jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanazo bei nafuu kwa watumiaji wadogo, Tanzania hadi uniti 75 kwa mwezi, lakini huko pia kinachopimwa ni matumizi, si afya ya mtu. Mtu mwenye mashine ya oksijeni hawezi kamwe kuwa mtumiaji mdogo. Basi bei iliyotungwa kumsaidia mnyonge humpita mnyonge huyu, kwa kuwa ugonjwa wake umemfanya aonekane tajiri katika hesabu ya mita. Tunaona kuwa ni haki jambo hili lifikishwe mbele ya ERA, na hospitali ndizo zenye sauti ya kulifikisha.

Kuhusu maji tutasema machache. Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972, huuza maji kwa bei ya chini kabisa katika mabomba yake ya umma, shilingi 25 kwa jerikani ya lita 20. Anayeletewa mlangoni kwa baiskeli hulipa mara kumi au zaidi. Nyumba yenye mtu anayeharisha au kutapika kila mara huhitaji jerikani nyingi kwa siku. Hapo kijana wa nyumba mwenye nguvu za kwenda bombani ni msaada kuliko barua yoyote.

MISIERA NA NAKIVALE

Wenzetu polisi waliopangwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wanaliona jambo hili kwa sura nyingine. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya zamani sana barani Afrika, yaliyoanza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Katika kijiji kama Misiera swali haliwi la ankara ya umeme, kwa kuwa kwa wengi umeme ni kibao cha jua juu ya bati, au ni duka la kuchajia simu. Kibao kidogo hakiwezi kuendesha friji wala mashine ya oksijeni. Kinawasha taa ya kusomea alama za sindano, na kinachaji simu ambayo kliniki huitumia kumwita mgonjwa. Kwa hiyo mkimbizi mwenye kisukari akija kituoni kueleza kwamba kibao chake kimeibwa, ofisa wa zamu asilione shauri hilo kuwa dogo.

Tangu Julai 2023 chakula na fedha za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hugawiwa kwa makundi kulingana na udhaifu wa kila nyumba, na Mei 2025, fedha zilipopungua, wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika mgao. Fedha za kuchajia simu, za maji na za unga hutoka katika mfuko huohuo mmoja. Hapa karatasi ina nguvu. Ugonjwa mzito ni mojawapo ya mahitaji maalumu yanayoandikwa katika kumbukumbu za uandikishaji wa wakimbizi, lakini hauandiki wenyewe: mgonjwa hana budi kuchukua barua ya kituo cha afya na kuipeleka kwa maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu au wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, aombe kumbukumbu zake zirekebishwe. Wengi hawajui. Na mtu wa kwanza kuulizwa, kwa kuwa anavaa sare na anazungumza Kiswahili, mara nyingi ni askari. Mgonjwa akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara na ndugu yake akapanga chumba mjini ili amwuguze, naye huingia katika ile hesabu ya milango sita na mita moja.

KABLA YA KWENDA MBALI

Askari wanachama wa Wazalendo SACCO, na polisi wa Exodus SACCO, wanayo njia ya mkopo. Ushauri wetu ni kwamba mkopo uwe wa kitu kinachofanywa mara moja, kama mita, nyaya salama au kibao cha jua. Anayekopa kwa ajili ya uniti za mwezi huu atakopa tena mwezi ujao, na tumewaona wenye kadi za benki zilizolala katika droo za wakopeshaji wa mtaani.

Ikiwa kuna deni la zamani, afadhali kwenda ofisini kabla ya kukatiwa huduma, na barua ya daktari mkononi, kuomba kulipa kwa mafungu. Barua hiyo itaje jina la ugonjwa, dawa au mashine inayohitaji umeme, saa za matumizi kwa siku, na nambari ya mita au ya akaunti ya maji. Itiwe mhuri na tarehe, na nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Anayeishi ndani ya kambi aipeleke kwa kamanda wake kupitia kwa daktari wa kikosi.

Na kwa wanaokwenda Somalia au popote pa mbali: nambari ya mita iandikwe katika kipande cha karatasi ngumu, nakala moja iwe katika mfuko wa askari na nyingine ibandikwe mlangoni nyumbani, ili uniti ziweze kununuliwa kwa simu kutoka huko aliko hata usiku wa manane. Chini ya nambari hiyo liandikwe jina la jirani mmoja ambaye mgonjwa anaweza kumgongea.