WIKI SITA MAJUU, UMERUDI NA NINI?

Wiki hii tuzungumzie safari. Si safari ya kufuata mzigo Dubai, wala ile ya kwenda kubeba maboksi. La hasha! Nazungumzia safari ambayo kijana mwenye kazi yake, awe nesi, mwalimu, mpima ardhi au bwana shamba, anachaguliwa kwenda nje wiki nne au sita kuona wenzake wa fani ileile wanafanyaje kazi. Analala nyumbani kwa watu, anakula wanachokula, kisha anarudi.

Huku kwetu Sokon I, mtu akipata safari ya namna hiyo habari inasambaa hata viza haijatoka. Muuza genge anajua, wa bodaboda anajua, na shangazi aliyeko Babati naye kashapigiwa simu. Hapo ndipo maombi yanapoanza kumiminika. Huyu anataka simu, yule viatu namba arobaini na mbili, mwingine anasema kwa unyenyekevu, "Mimi hata mafuta ya kupaka tu, mwanangu." Siku ya kurudi swali ni lilelile: "Umetuletea nini?"

Swali lenyewe halina ubaya, bwana. Tatizo ni kwamba jibu tunalitafuta ndani ya begi.

MAMBO HAYA SI YA JANA

Safari hizi zina historia ndefu. Chama cha Rotary, kilichoanzishwa na Paul Harris na wenzake mjini Chicago mwaka 1905, kilianza mwaka 1965 mpango ulioitwa Group Study Exchange, maarufu kwa jina la GSE. Kanda moja ya Rotary ilituma kikundi cha vijana nchi nyingine, na kanda ile nayo ikatuma cha kwake. Umri ulikuwa miaka 25 hadi 40, na mwanachama mmoja wa Rotary ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara.

Sasa sikiliza hapa. Wale vijana hawakutakiwa kuwa wanachama wa Rotary, na mtoto au mke wa mwanachama hakuruhusiwa kabisa. Ile ya "baba yangu ni fulani" haikufanya kazi. Tiketi ya ndege ililipwa na mfuko wa Rotary, chakula na malazi vikawa juu ya wenyeji, na fedha za matumizi madogo madogo zikatoka mfukoni mwako. Tanzania ilikuwa kanda moja na Kenya, Uganda, Ethiopia na Eritrea, iliyojulikana kama Kanda 9200. Kwa hiyo nesi wa Arusha angeweza kujikuta kikundi kimoja na mhandisi wa Kampala.

GSE ilifikia tamati mwaka 2013, mwaka ambao na kanda yenyewe iligawanywa. Rotary ikaja na utaratibu wa vikundi vya mafunzo ya kazi, vyenye lengo mahususi la kufundisha au kujifunza ujuzi fulani.

Rotary hawako peke yao. Wanorwe nao wana shirika lililozaliwa mwaka 1963 kwa kutuma vijana wao huku kwetu. Mwaka 2000 likageuzwa, ikawa mnapokezana, wao waje na sisi twende. Mwaka 2018 likapewa jina la Norec. Kwa njia hiyo hospitali ya Mnazi Mmoja ya Zanzibar na ile ya Haukeland mjini Bergen zimebadilishana wafanyakazi. Wamarekani nao walianza mwaka 2014 mpango uliopewa jina la Mzee Mandela, wa vijana wa Kiafrika wa miaka 25 hadi 35 kukaa wiki sita kwenye vyuo vikuu vya kwao. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana 500 kutoka Afrika kusini mwa Sahara.

UNALALA KWA WATU

Wengi hudhani safari hizi ni hoteli na picha. Thubutu! Kwenye GSE ulilala kwa familia, na baada ya siku chache unahamishiwa mji mwingine, kwa familia nyingine. Dada mmoja jirani yangu, ambaye ni nesi, alikwenda Ulaya enzi hizo. Jina lake nalihifadhi kwa ombi lake. Anasema kilichomchosha si baridi, maana sisi wa chini ya Mlima Meru makoti tunayavaa tangu Juni. Kilichomchosha ni kutojua desturi za nyumba.

"Siku ya kwanza nimekaa nasubiri nikaribishwe chakula mara ya pili, kama kwetu," aliniambia huku akicheka. "Nikasema hapana asante, nikijua watanibembeleza. Wakaondoa sahani! Nililala na njaa."

Toka siku hiyo alielewa kwamba kule "hapana" ni hapana. Akajifunza pia kwamba saa mbili kamili si saa mbili na robo, kwamba baba mwenye nyumba ndiye anaosha vyombo, na kwamba mbwa ana kiti chake sebuleni na usikikalie.

Jioni kikundi kilikuwa kinapelekwa kwenye klabu za wenyeji kuzungumzia nchi yao. Wenyeji waliuliza simba, wakauliza Kilimanjaro. Yeye alibeba kahawa ya mteremko wa Meru na khanga mbili, akawaeleza kwamba Arusha ni mji wenye foleni za magari, na kwamba yeye simba alimwona mara moja tu, tena kwenye ziara ya shule. Ukumbi mzima ukacheka, na tangu hapo wakaanza kumuuliza habari za kazi yake.

NESI NA VITANDA SITA

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Hospitalini kule dada yetu aliona mashine ambazo kwake zilikuwa ndoto. Alizitazama, akazisifia, akaendelea na safari. Kilichomkaa kichwani ni jambo lisilo na bei. Manesi wa zamu inayotoka na wale wa zamu inayoingia walikuwa wakipita pamoja kitanda hadi kitanda, wanakabidhiana mgonjwa mbele yake mwenyewe. Huyu ni fulani, dawa hii kapewa saa fulani, inayofuata ni saa fulani, hiki bado hakijafanyika. Mgonjwa anasikia yote, na kama kuna kilichorukwa anasema.

Kwenye wodi yake hapa nyumbani, ripoti ilisomwa chumbani kutoka kwenye daftari, mlango umefungwa. Aliporudi akaenda kwa mkuu wake wa wodi.

"Sista," akaambiwa, "hayo ni ya Ulaya. Hapa wagonjwa ni wengi, utamaliza saa ngapi?"

Hakubishana. Alijua akibishana ataitwa "aliyekwenda Ulaya" mpaka anastaafu. Akasema, "Naomba vitanda sita tu, Sista. Vile vya pembeni."

Akaruhusiwa. Wiki zikapita. Usiku mmoja, wodi imejaa na nesi wa zamu yuko mbio, mama mmoja wa kitanda cha pembeni akamwita: "Sista, jioni mlisema nina sindano ya saa nne. Mbona sijachomwa?" Nesi kuangalia cheti, ni kweli. Ilikuwa imesahaulika.

Yule mama alijua haki yake kwa sababu aliisikia ikitajwa mbele yake. Mkuu wa wodi alipopata habari asubuhi hakusema mengi. Alisema tu, "Haya, tufanye na vingine." Wodi ile ikafuata. Wodi nyingine, dada anasema, hazikufuata mpaka leo. Lakini nakuuliza, msomaji, mama yule angeletewa zawadi gani ya kushinda hiyo?

MWALIMU NA KOMPYUTA

Nina rafiki mwingine, mwalimu, naye alipata safari ya namna hiyo. Alirudi na kilio. Kila ukikutana naye ni kompyuta tu. Kule kila mtoto na kompyuta yake, kule darasa lina watoto ishirini, kule chaki ni historia. Darasani kwake alikuwa na watoto zaidi ya tisini. Kila alichokiona kilimthibitishia kwamba hapa hakuna kinachowezekana.

Siku moja tumekaa kwenye nyama choma Kwa Mrombo nikamuuliza, "Mwalimu, hivi yule mwenzako wa kule alikuwa anajuaje kama watoto wameelewa?"

Akafikiri kidogo. "Aa, kipindi kikiisha kila mtoto anaandika kwenye kikaratasi jambo moja ambalo hajaelewa, anakiacha mlangoni."

"Kikaratasi nacho kinatumia umeme?"

Alicheka, kisha akanijia juu. "Wewe, vikaratasi tisini nitavisoma saa ngapi?" Hoja yake ilikuwa ya kweli, na mimi sikuwa na jibu. Jibu alilipata mwenyewe baadaye: safu moja kwa siku. Jumatatu wa dirishani, Jumanne wanaofuata, hadi Ijumaa kamaliza darasa zima.

Unaona sasa? Kitu chenyewe alikuwa amekiona siku nyingi. Kilikuwa kimefunikwa na kompyuta.

NAO WANAJIFUNZA KWETU

Tusijidharau lakini. Mabadilishano maana yake ni pande mbili. Pale Usa River, njia ya kwenda Moshi, kuna kituo cha Wadenishi cha MS-TCDC ambako wageni wengi wameketi darasani kujifunza Kiswahili na maisha ya huku kabla ya kupangiwa kazi. Mtaalamu mzima anafundishwa kusema "shikamoo", na anafundishika.

Na si lugha tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, jijini Bogotá nchini Colombia, hospitali ilielemewa na watoto njiti, mashine za kuwatunzia hazikutosha. Daktari Edgar Rey akaamua mtoto afungwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto hapo. Leo tunauita utunzaji wa kangaruu, na Shirika la Afya Duniani linaupendekeza hata kwa nchi zenye mashine za kumwaga. Ujuzi ulitoka kwa waliopungukiwa ukaenda kwa walionacho. Kwa hiyo ukienda, usiende kama ombaomba. Dada yetu anasema wenyeji wake walishangaa sana kusikia kwamba huku mgonjwa hakai peke yake, ndugu wanapokezana. Mzee mmoja wa kule, mjane, alimwambia kwa upole, "Nyie mna kitu ambacho sisi tumekipoteza."

HABARI YA KUZAMIA

Hapa lazima tuambizane ukweli. Wapo wanaoondoka KIA na begi moja la safari na jingine la kuhamia. Siku ya kurudi wanahesabiwa, mmoja hayupo, kazamia. Simlaumu mtu kutafuta maisha, na ninajua mshahara wa huku unavyoisha tarehe kumi. Ila tazama deni anakoliacha. Waliomdhamini wanaaibika, kikundi kitakachofuata kinakabwa ubalozini, na binti wa watu ambaye hana habari naye ananyimwa viza. Yeye mwenyewe cheti chake cha unesi hakimsaidii tena, maana amejificha.

Wenye nchi nao wanajua. Wanaokwenda Marekani kwa viza ya mabadilishano kwa gharama za serikali hubanwa na sharti la kurudi kwao na kukaa jumla ya miaka miwili kabla ya kuomba makazi ya kudumu kule. Mlango huu umetengenezwa kwa ajili ya kuingia na kutoka.

KAMA UNATAKA KWENDA

Haya ndiyo ninayowaambia vijana wanaoniuliza mtaani.

Kwanza, uwe na kazi na uijue. GSE ilidai uzoefu kazini, na mipango mingine mingi nayo haimtafuti mtu anayetaka kutembea tu. Pili, ulizia mwenyewe. Arusha ina klabu za Rotary, na balozi hutangaza nafasi zao. Masharti hubadilika na mipango hufungwa, kwa hiyo usiishi kwa habari za mwaka juzi. Tatu, ukipigiwa simu na mtu usiyemjua anataka "hela ya kushughulikia fomu" kwa njia ya simu, kata. Huyo ni tapeli, hata akijua jina la ukoo wako.

Nne, na hili ndilo kubwa, ondoka na swali moja la kazi yako. Si kumi, moja. Kitu gani kinakukera kila siku ofisini? Kiandike, safiri nacho, kitafutie jibu ambalo halihitaji mfadhili. Tano, zungumza na bosi wako kabla hujapanda ndege, umwambie unakwenda kutazama nini. Bosi aliyeshirikishwa mapema ni vigumu kusema "hayo ni ya Ulaya". Na ukirudi omba eneo dogo, vitanda sita au safu moja ya madawati.

Na nyinyi ndugu mnaobaki nyumbani, mpunguzieni msafiri mzigo. Posho yenyewe ni ya kuhesabu, akinunua viatu vya ukoo mzima atashinda madukani badala ya kushinda kazini kwa wenyeji. Akirudi mkaribisheni, mleni chai, halafu mumuulize kesho kazini atafanya nini tofauti. Mafuta ya kupaka yapo hata soko la Kilombero.

Kwa leo niishie hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.