SUFURIA YA KUYEYUSHIA RISASI HAIRUDI JIKONI



Katika kambi zetu wako watu wengi wenye ufundi wa mikono. Siku ya mapumziko mmoja anatengeneza wavu wake wa kwenda kuvua Tshangalele au Nzilo. Mwingine anasafisha bunduki yake ya baruti, ile inayojazwa kwa mdomo. Wote wawili wanatafuta kitu kimoja: risasi, yale madini mazito ya kijivu ambayo wengi huku tunayaita plombo. Mvuvi anaimimina iwe vizito vya wavu, mwindaji anaimimina iwe masasi. Na wote wawili wanajiuliza: nitaiyeyushia katika chombo gani?

Mara nyingi jibu linatafutwa jikoni. Mama ana sufuria ya zamani ya alumini, mshikio mmoja umekatika. Baba anasema, «Hii haina kazi tena.» Anaiweka juu ya mbabula, anayeyusha, anamimina, halafu sufuria inaoshwa na kurudishwa mahali pake. Kesho yake inapikiwa sombe.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tuangalie jambo hili hatua kwa hatua.

Kwa nini alumini haifai

Kwanza, uzito. Litre moja ya maji ina kilo moja. Litre moja ya risasi ina zaidi ya kilo 11. Sufuria ya litre tatu ikijaa risasi inabeba karibu kilo 34. Fundi aliyetengeneza sufuria ya kupikia hakuwaza mzigo kama huo. Mishikio imeshikwa na misumari miwili midogo tu.

Pili, joto. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini nguvu zake zinapungua mapema sana kabla ya kufika hapo. Utasema, «Moto wa makala hauwezi kuyeyusha sufuria.» Nenda ukawaangalie mafundi wanaomimina sufuria mtaani: wao wanayeyusha alumini kwa makala na kipepeo tu! Moto ule ule, ukipepewa vizuri, unaweza kutoboa kitako cha sufuria yako, na risasi yote ikamwagikia miguu yako.

Ndoo ya bati nayo haifai. Imepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi unaoleta homa na kutetemeka. Kopo lililoungwa kwa lehemu pia halifai, kwa sababu lehemu inayeyuka kabla ya risasi, na kiungo kinafunguka. Sufuria ya rangi ngumu, ile inayong'aa kama sahani, inapasuka rangi yake na kurusha vipande.

Chombo gani kinadumu?

Chombo cha chuma, hakuna kingine. Kizuri zaidi ni chuma kizito cha kumiminwa, kile ambacho watu wa atelie wanakiita fonti, au chuma cha pua chenye kuta nene. Kinahimili joto mara tatu ya lile linaloyeyusha risasi, na kinaweza kudumu miaka mingi. Ukikichagua, angalia mambo haya:

1. Kiwe kidogo. Nusu litre inatosha: ikijaa ni kilo 5 na nusu, mkono mmoja unaijua. Ukitaka vizito vingi, yeyusha mara mbili.

2. Kitako kiwe kipana na bapa. Chombo kirefu chenye kitako chembamba kinapinduka.

3. Kisiwe na ufa. Kining'inize na kukigonga kwa kipande cha chuma. Fonti nzima inalia kama kengele, fonti yenye ufa inatoa sauti butu. Kama chombo kimeungwa, tia maji baridi usiku mzima uone kama kinavuja, halafu ukikaushe kabisa juu ya moto.

4. Mshikio uwe mrefu, tena wa chuma, usiofungwa kwa misumari midogo.

5. Kiwe na alama. Rangi itaungua, kwa hiyo kizungushie waya mnene wa shaba kwenye mshikio. Kila mtu katika lupango lako ajue: chombo chenye waya si cha chakula.

Usikate chupa ya gesi ili upate chombo. Gesi iliyobaki ndani inaweza kulipuka usoni.

Na mbabula je? Nyingi ni nyembamba na zina miguu dhaifu. Weka chombo chini, juu ya mawe matatu au matofali yasiyotikisika.

Maji ni adui

Wenzetu wa fonderi wanajua sheria hii tangu siku ya kwanza ya kazi: chuma kilichoyeyuka na maji havikutani. Tone moja la maji likizama ndani ya risasi ya moto linageuka mvuke mara moja, na mvuke huo unachukua nafasi zaidi ya mara 1.600 ya maji yenyewe. Risasi inaruka juu kama baruti, inafika machoni na shingoni.

Kwa hiyo, weka risasi yote ndani ya chombo kingali baridi, ipate moto pamoja nacho. Usitupe kipande kibichi kilichotoka ardhini ndani ya risasi iliyokwisha kuyeyuka. Mwiko na kalibu vikaushwe juu ya moto kwanza. Usifanye kazi hii mvua ikikaribia. Vaa viatu vilivyofungwa, suruali ifunike viatu, miwani ya kazi na glavu za ngozi. Kandambili ziache nyumbani.

Mtu akiungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Risasi iliyonata kwenye ngozi usiibandue. Usipake mafuta, yai wala dawa ya meno. Mlete dispansere.

Sumu isiyo na harufu

Kuungua kunaonekana, lakini sumu ya risasi haionekani. Inaingia kwa moshi, na zaidi kwa vumbi. Yale majivu ya kijivu unayoyaondoa juu ya risasi iliyoyeyuka ni vumbi la sumu. Yanashika mikono, nguo, udongo wa lupango, na kuta za ndani za chombo. Sufuria hata ukiisugua kwa mchanga, mabaki yanabaki katika mikwaruzo, na chakula chenye uchachu kama nyanya kinayatoa polepole.

Moto ukizidi, moshi unaongezeka. Ukiona uso wa risasi unageuka manjano au zambarau, umepita kipimo. Punguza makala.

Anayeumia kwanza ni mtoto. Mtoto mdogo anatambaa chini, anatia mikono mdomoni, na mwili wake unapokea risasi mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima. Risasi inaharibu ubongo unaokua: mtoto anachelewa kusema, anashindwa shuleni, anakuwa mkali bila sababu. Ikizidi, anapata degedege na anaweza kufa. Kwa mama mwenye mimba, risasi inapita na kumfikia mtoto tumboni. Na ikiingia mifupani inakaa humo miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Je, haya ni maneno ya kutisha watu tu? Hapana. Thiaroye, karibu na Dakar katika Senegal, watu walikuwa wakichukua risasi ya batri za magari na kuichambua majumbani mwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Na jirani zetu wa Kabwe, huko Zambia, mgodi wao wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini hata leo watoto wanaocheza katika udongo ule wana risasi nyingi katika damu.

Kwa hiyo batri ya gari usiivunje kamwe. Ndani yake mna asidi inayounguza, na vibao vyake vimejaa unga wa risasi ambao ni mbaya kuliko kipande kigumu.

Usimwuzie fundi wa sufuria

Kuna njia nyingine ambayo risasi inarudia jikoni. Sufuria iliyoharibika inauzwa kwa wanaokusanya vyuma. Fundi anaiyeyusha pamoja na vipande vya mota na vyuma vingine, anamimina sufuria mpya. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 juu ya sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni ulionyesha kwamba zinatoa risasi katika chakula. Sufuria uliyoyeyushia risasi ukiiuza, inaweza kurudi kwako sokoni ikiwa mpya inang'aa, na wewe ukainunua kwa furaha.

Bora zaidi

Njia bora ni kutoyeyusha risasi nyumbani kabisa. Mvuvi, wazee wetu walivua samaki kwa vizito vya mawe na vya udongo uliochomwa. Vinazama vizuri na havina sumu. Mwindaji, ukileta nyama, kata na kutupa sehemu yote inayozunguka kidonda cha sasi, maana vipande vidogo vya risasi vinabaki humo visionekane.

Kama huna budi kuyeyusha, fanya mbali na nyumba, mahali pa wazi, upepo ukikupiga mgongoni. Watoto na mama mwenye mimba wasikaribie. Usile, usinywe, usivute sigara. Ukimaliza, nawa kwa sabuni, badili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mahali pa kazi usifagie pakavu. Mwagia maji kwanza.

Wengi wanasema maziwa yanaosha sumu hii. Hayaoshi. Lakini mtoto anayekula vizuri mwili wake unapokea risasi kidogo zaidi. Mpe ndakala, maharagi, lengalenga, na maziwa kama yapo.

Lini uje dispansere?

Njoo ukiwa na maumivu ya tumbo yanayorudi rudi, choo kigumu, kichwa kuuma, uchovu, damu pungufu, au kiganja kinacholegea. Mlete mtoto aliyebadilika tabia au anayetapika bila homa. Na utuambie wazi kwamba nyumbani mnayeyusha risasi. Usiogope. Dalili hizi zinafanana na za malaria na minyoo, na mganga asiyeambiwa anaweza kutibu ugonjwa mwingine wakati sumu inaendelea kuingia.

KUMBUKA:

— Chombo cha risasi ni chuma kizito, kidogo, chenye kitako kipana.
— Alumini, bati na kopo: hapana.
— Kila kitu kiwe kikavu.
— Batri haivunjwi nyumbani.
— Chombo kilichoyeyushia risasi hata mara moja tu si chombo cha chakula tena.

Mama, wewe ndiwe mlinzi wa jiko. Baba akija kuomba sufuria ya zamani, mwulize ni ya kazi gani. Akisema ni ya plombo, mjibu: «Nenda katafute chuma chako.» Hapo utakuwa umewakinga watoto wako.