Kibandiko ni Neno la Mbandikaji

Wahenga walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika intaneti chema na kibaya vyote hutembezwa, na mnunuzi aghalabu ni mtoto aliyejifungia chumbani na simu ya mamake.

Juzi mjukuu wangu alilitafuta shairi langu kwenye kompyuta ya shule, akalikuta limefungwa kwa onyo la mambo ya watu wazima. Shairi lenyewe nalilitunga kumlilia mama yangu, na ndani yake nimelitaja titi aliloninyonyesha. Mtoto alinijia akiwa ameinamisha uso. "Babu, kwani uliandika nini?" Waama, swali lile lilinichoma.

Ndipo nikaitafuta asili ya vibandiko hivi. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia machafu yasiwafikie watoto katika intaneti, na mwaka 1997 Mahakama Kuu ya huko ikavitangua vifungu vyake vikuu kwa kuwa vilibana uhuru wa kusema. Wakati huo huo W3C, chama cha mafundi wa wavuti kilichoasisiwa na Tim Berners-Lee, kilileta njia nyingine iliyoitwa PICS. Kila ukurasa ungeweza kubandikwa maelezo ya siri, yasiyoonwa na msomaji ila yanayosomwa na programu.

Kipimo kilichovuma kiliitwa RSACi. Kilipima mambo manne: ukatili, uchi, ngono na lugha chafu, kila moja kwa alama 0 hadi 4. Mzazi aliweka mpaka wake katika Internet Explorer, na ukurasa uliouvuka haukufunguka.

Uzuri wa PICS, ndugu msomaji, ni kwamba ilitenga kueleza na kuamua. Kibandiko kilieleza, mzazi akaamua. Tena haikumpa mtu mmoja peke yake haki ya kubandika. Hata maalimu wa Lamu wangeweza kutunga vipimo vyao, na mzazi akachagua amwamini nani.

Mbona basi haikudumu? Kubandika kulikuwa hiari, na wenye kurasa wengi hawakujishughulisha. Mzazi akizifunga kurasa zisizo na kibandiko, intaneti karibu yote imefungika. Akiziacha wazi, kichujio ni pakacha. Wenye magazeti nao waliona habari za vita zingehesabiwa ukatili tu. Isitoshe, anayejipima mwenyewe ni mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwaka 1999 kazi ya RSACi ilichukuliwa na ICRA, na vibandiko vya ICRA navyo vikakomeshwa mwaka 2010. PICS yenyewe W3C iliibadilisha kwa POWDER mwaka 2009.

Vibandiko havikufa, ila mkono wa mbandikaji umebadilika. Filamu zetu hapa Kenya hubandikwa GE, PG, 16 au 18 na bodi inayojulikana, kwa vipimo vinavyojulikana. Lakini katika intaneti kazi hii sasa hufanywa sana na programu za makampuni, nasi hatuambiwi wamepima kwa pishi gani. Programu isiyojua Kiswahili haitofautishi titi la mama na ufuska.

Sisemi vichujio vitupwe. Nina wajukuu, na yaliyomo humo nayajua. Nasema kila kibandiko kiulizwe maswali matatu: nani amekibandika, kwa kipimo gani, na kikikosea nani atakisahihisha?

Nalikwenda shuleni na shairi langu mkononi. Mwalimu alilisoma lote kimya, kisha akalifungua. Jioni ile mjukuu wangu alinisomea kwa sauti, na alipofika kwenye lile neno hakuinamisha uso. Lakini ni watunzi wangapi watakaoweza kwenda shuleni na mashairi yao mkononi?