UZI: Namba pleti ya gari inaweza kulipia shule?

1/ Kila mjadala wa pesa za shule ukipamba moto, hakosi mtu wa kuuliza: "Si tuuze namba pleti za shule kama Marekani?" Swali si la kucheka. Wacha tuone vile hiyo kitu inafanya kazi, halafu uamue mwenyewe.

2/ Kule, kila jimbo hutoa namba pleti zake. Mwenye gari akitaka, anaacha ile ya kawaida na kuchukua yenye nembo ya chuo anachopenda. Analipa ada ya ziada, na sehemu yake inaenda kwa chuo. Halazimishwi mtu. Ndiyo maana wanasiasa wanaipenda: pesa zinaingia na hakuna aliyepandisha ushuru.

3/ Sasa shika kalamu. Jimbo la Virginia hutoza dola 25 za ziada kwa mwaka. Pleti 1,000 za kwanza, chuo hakipati kitu. Baada ya hapo, kila pleti inakiletea dola 15. Zingine zinabaki kwa jimbo.

4/ Tuseme chuo kikubwa kina pleti 10,000 barabarani. Kinapata 9,000 × 15 = dola 135,000. Chuo kidogo kina pleti 1,200. Kinapata 200 × 15 = dola 3,000. Na wenye magari wa hicho chuo kidogo wametoa jumla ya dola 30,000!

5/ Umeona? Pleti ni kama mara 8, lakini pesa ni mara 45. Sasa ilete nyumbani. Shule ya kitaifa ina mawakili na madaktari waliosomea pale, kila mmoja na gari lake. Shule ya kutwa kule Tana River, mzazi anatembea kwa miguu. Nani atauza pleti? Shida ni ile ile ya harambee: hufuata wenye uwezo, si wenye uhitaji.

6/ Halafu, nani anaamua pleti gani itolewe? Texas ilikataa pleti yenye bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2015, majaji 5 dhidi ya 4 walisema maneno ya kwenye pleti ni ya serikali, kwa hivyo serikali inaweza kukataa. Maana yake ni kwamba kuna ofisi inayochagua. Na palipo na kuchagua, kuna kujuana.

7/ Swali gumu zaidi: hiyo pesa ni nyongeza, ama inaziba pengo? Shule ikiletewa milioni moja na pleti, halafu bajeti yake ipunguzwe milioni moja, imepata nini? Sufuri. Lakini picha za kukabidhi hundi zitakuwa safi sana.

8/ Kwetu, Kifungu cha 206 cha Katiba kinasema pesa za serikali ya kitaifa ziingie kwenye mfuko mkuu, isipokuwa sheria ya Bunge iwe imeziweka kwenye mfuko maalum. Ndivyo ushuru wa barabara kwenye mafuta unavyotengwa. Kwa hivyo mtu akikuahidi "hii itaenda shule moja kwa moja", muulize: kwa sheria gani?

9/ Na ukubwa wa pesa je? Serikali ilipanga Sh22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 400 ni karibu Sh8.9 milioni. Kama kila pleti ingeiletea Sh2,000, hiyo shule moja ingehitaji magari karibu 4,450. Kila mwaka.

10/ Kwa hivyo ni wazo baya? La. Ni hiari, na linaweza kununua vitabu ama kulipia karo wanafunzi kadhaa. Lakini haliwezi kubeba mzigo wa elimu. Anayelileta kama jibu la kuchelewa kwa pesa za shule anahepa swali.

11/ Kumbuka maswali matatu, iwe ni pleti, bahati nasibu ama harambee:
– Nani analipa, na ngapi inafika?
– Shule isiyo na wenyewe inapata nini?
– Ni nyongeza, ama bajeti itapunguzwa kimyakimya?

Shule yako ya zamani ikitoa pleti, utalipa? Na ile jirani yake isiyo na matajiri?