Meka mbili

Kila mara picha ya kudhihaki dini inapotoka Ulaya, simu za redio hujaa ulizo moja: Mkristo aseme nini?

Tukumbuke kwanza mambo yenyewe. Tarehe 7 Januari 2015, watu 12 waliuawa mjini Paris katika shambulio juu ya gazeti Charlie Hebdo, lililokuwa limechapa picha za kumcheka Muhammad. Juma lililofuata gazeti likamchora tena. Ndipo, tarehe 16 na 17, hasira ikalipuka katika nchi ya Niger: watu 10 wakafa, na katika mji wa Niamey peke yake makanisa 45 yakachomwa. Ndugu zetu wale hawakuchora kitu. Walilipa deni la watu wa mbali.

Waislamu wengi waliuliza: mbona uhuru huo una mipaka kwa wengine? Mwaka 2008 gazeti lile lile lilimfukuza mchoraji wake Siné kwa maneno yaliyohesabiwa kuwa ya kuwachukia Wayahudi. Wafaransa hujibu kwamba sheria yao inaruhusu kucheka dini, lakini inakataza kuchochea chuki juu ya watu. Jibu hilo lina maana. Lakini anayependa dini yake kuliko nafsi yake halisikii hivyo.

Sasa tujiangalie sisi. Tarehe 26 Julai 2024, kwenye ufunguzi wa michezo ya Olimpiki mjini Paris, Wakristo wengi waliona Meza ya Bwana imechekwa. Aliyepanga onyesho alikana, na wakubwa wa michezo wakaomba radhi kwa waliochukizwa. Wako waliowaambia Waislamu wavumilie, na siku ile wakataka adhabu. Mama anayenunua unga sokoni kwa meka kubwa na kuuza kwa meka ndogo, tunajua jina lake. Mezali 20:10 inasema Mungu anavionaje vipimo vya namna hiyo.

Kwetu Kongo, kifungu cha 23 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusema mawazo yake, akiheshimu sheria, utaratibu wa watu wote na maadili mema. Redio hii inaishi kwa haki hiyo. Ikitungwa sheria ya kuadhibu kila neno linaloumiza dini ya mwingine, wa kwanza kuitwa tribinali watakuwa wahubiri, kwa yale yanayosemwa juu ya Bikira Maria, juu ya Simon Kimbangu, juu ya Muhammad.

Je, anayeumizwa anyamaze tu? Hapana. Mwaka 2007 Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alishitaki kule Brussels kitabu cha picha Tintin au Congo, kinachowaonyesha babu zetu kama wapumbavu. Mwaka 2012 alishindwa. Lakini dunia ilimsikia, na hakuna duka lililochomwa.

Someni pia Matendo 19. Paulo alihubiri Efeso wazi kwamba miungu ya mikono si miungu, hata biashara ya mafundi wa fedha ikatikisika. Fujo ilipotokea, karani wa mji, mtu asiyeokoka, alishuhudia kwamba watu hawa hawakumtukana mungu wao wa kike, na mwenye mashitaka aende mbele ya waamuzi. Karani wa Likasi akisikiliza mahubiri yetu ya juma hili, angeweza kutushuhudia vile?