Umekula Nini Leo?

Kisa ninachokueleza leo nimekiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Aliyasoma maneno haya kabla hayajafika kwa mhariri, akafuta mawili matatu, kisha akaniambia, "Mama, peleka tu. Pengine yupo mwenzangu atakayesoma." Jina lake silitaji. Tumwite binti, kwa maana angeweza kuwa binti wa yeyote kati yetu.

Ana umri wa miaka 24. Alizaliwa mkoani Njombe, ambako mama yake hulima viazi. Alipomaliza masomo ya uhasibu ngazi ya cheti alipata kazi ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Akapanga chumba kimoja Kimara, akanunua godoro, jiko dogo la gesi, ndoo mbili na feni. Nyumbani kwao ikawa furaha. Mtoto amepata kazi mjini!

Kanisani kwetu alijiunga na kwaya. Nami, pamoja na kazi yangu ya uuguzi, hujitolea kuitunzia kwaya hiyo daftari la michango. Mwaka jana tuliamua kushona sare mpya, kila mwanakwaya alipe sh. 65,000. Kila Jumapili baada ya ibada nilisimama mlangoni na daftari langu. Nilipomwona nilimsalimu, kisha nikamwuliza, "Mwanangu, ile sare vipi?" Naye alinijibu kwa adabu, "Nitaleta, mama." Jumapili moja hakuonekana. Ya pili pia hakuonekana. Niliandika jina lake kwenye ukurasa wa wadaiwa, nikaendelea na shughuli zangu.

Jumatatu asubuhi

Wiki ya tano nilikuwa zamu ya asubuhi katika kituo cha afya ninakofanya kazi. Wakaingia vijana wawili wamemshika msichana huku na huku. Alikuwa ameanguka akiwa kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi. Tulipomlaza nilimtazama usoni, nikamtambua. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na nilipoivuta kope ya chini niliona weupe pale ambapo pangekuwa na wekundu.

Nikamwuliza swali tunalomwuliza kila aliyezirai, "Umekula nini leo?"

"Chai, mama."

"Na jana usiku?"

"Chai na andazi."

"Na juzi?"

Hakujibu. Aligeukia ukutani, machozi yakamtoka. Alipotulia akaniambia, "Tangu nitoke nyumbani, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo."

Msomaji, maneno yale yalinichoma. Nilikuwa nikimwona binti yule kila wiki kwa miezi mingi. Nilijua sauti yake ni ya alto. Nilijua anadaiwa kiasi gani. Sikujua kwamba hali.

Mambo madogo madogo

Utauliza, alipatwa na nini? Hakufukuzwa kazi, hakufiwa, wala hakuvamiwa na wezi. Nilipokaa naye siku nyingine tukiwa na kalamu na karatasi, niliona jinsi mambo madogo yanavyoweza kumwangusha mtu.

Mshahara wake ni sh. 300,000 kwa mwezi. Akiba ya kodi ya chumba ni sh. 60,000, kwa sababu mwenye nyumba hudai ya miezi sita kwa mkupuo. Nauli sh. 52,000. Chakula cha mchana kwa mama ntilie sh. 78,000. Umeme na maji sh. 15,000, na vocha ya simu sh. 15,000. Kila mwezi alimtumia mama yake sh. 50,000. Jumla yake ni sh. 270,000. Zinazobaki ni sh. 30,000, na hizo ndizo zinunue gesi, sabuni, pedi na chakula cha jioni, zichangie harusi za wafanyakazi wenzake na sadaka. Hapo ongeza sare ya kwaya.

Mwezi wa Machi kioo cha simu yake kilipasuka, na simu hiyo ndiyo ya kupokelea oda za wateja. Akachota kwenye akiba ya kodi. Wiki hiyohiyo gesi ikaisha, akawa ananunua chakula jioni pia. Mvua zikanyesha, barabara ikajaa maji pale Jangwani, mabasi yakasimama, akalazimika kupanda bodaboda siku tatu. Kila tatizo peke yake lilikuwa dogo, naye alijiambia, "Mwezi ujao nitaweka sawa."

Siku mwenye nyumba alipobisha hodi, akiba ilipungua sh. 100,000. Aliona aibu kumwambia mtu. Usiku ule aliingia kwenye programu moja ya simu inayotoa mikopo bila kuuliza maswali. Aliomba sh. 100,000, akapokea mkononi sh. 75,000, akatakiwa kurudisha sh. 125,000 baada ya siku saba. Siku saba zikafika. Akakopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, kisha kwa wa tatu ili amlipe wa pili.

Ili apate cha kulipa, aliacha chakula cha jioni. Baadaye aliacha na cha mchana. Wenzake dukani walipomwuliza mbona hali, alisema, "Nimefunga." Wakamsifu kwa kuwa mcha Mungu.

Kisha mkopeshaji mmoja akaanza kuwatumia ujumbe watu waliokuwa kwenye simu yake, akimwita tapeli. Wanakwaya wawili waliupata, wakanyamaza kwa kumstahi. Yeye alidhani kanisa zima limesoma, naye akaacha kuja. Mitaani mikopo ya namna hii huitwa "kausha damu". Siku ile nilikuwa nimeshika karatasi ya maabara inayoonyesha wingi wa damu wa 8.1, nikaona kwamba kwake jina hilo halikuwa utani.

Damu inapopungua

Hapa naomba niseme kama muuguzi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ana upungufu wa damu ikiwa wingi wa damu uko chini ya gramu 12 kwa desilita. Dalili zake ni uchovu, kizunguzungu, kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, na kuhema haraka. Vijana wengi hudhani ni kazi nyingi tu, wakanunua dawa ya maumivu dukani. Binti huyu alikuwa akimeza diklofenaki tumbo likiwa tupu, jambo linaloweza kuchubua tumbo na kuleta vidonda vinavyovuja damu.

Sababu za upungufu wa damu ni nyingi: lishe duni, hedhi nzito, minyoo, malaria na magonjwa mengine. Kwa hiyo usijitibu kwa kukisia. Pima, chanzo kijulikane. Kwake tulikuta mambo mawili, lishe na hedhi nzito aliyokuwa akiivumilia tangu akiwa shule, akidhani ndivyo wanawake wote walivyo. Kama unabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, au hedhi inapita siku saba, njoo utuone.

Chakula cha kuongeza damu si lazima kiwe cha gharama. Dagaa, maharage, kunde, mchicha, matembele na majani ya maboga vinasaidia, na maini ukiyapata. Kamulia limau au kula chungwa pamoja na mlo, kwani husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma. Chai na kahawa huyazuia, hivyo usinywe pamoja na chakula. Subiri angalau saa moja. Ukiandikiwa vidonge vya madini ya chuma, usishtuke choo kikiwa cheusi, na usiviache kwa sababu tu umejisikia nafuu. Mmalize muda ulioelekezwa.

Kufungua mdomo

Damu tuliweza kuitibu kwa vidonge na dagaa. Deni lilihitaji dawa nyingine, nayo ni kusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua.

Kwanza alimwambia mwajiri wake, jambo aliloliogopa kuliko yote. Mzee yule alikuwa ameshapata ujumbe wa mkopeshaji na alikuwa akisubiri aambiwe. Alimpa sh. 200,000, zikatwe sh. 40,000 kila mwezi kwa miezi mitano.

Pili alimpigia mama yake. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani mimi nilikuomba elfu hamsini kila mwezi? Ulikuwa unatuma, nikajua unazo." Wiki iliyofuata basi lilimletea kiroba cha viazi na debe la maharage.

Zilizobaki, sh. 110,000, alizilipa kidogo kidogo. Feni aliiuza, akalala na joto la Dar es Salaam miezi minne. Sitaki msomaji afikiri mambo yalinyooka kwa siku moja.

Kijana unayesoma, kabla hujakopa, uliza kwanza kama mkopeshaji ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Programu ikikuomba ruhusa ya kuingia kwenye orodha ya namba za ndugu na rafiki zako, jiulize inazitakia nini. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Na uombe msaada ukiwa umepungukiwa laki moja, usingoje zifike tatu.

Kufuma na kufumua

Siku nilipomtembelea chumbani kwake niliona mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na uzi mweupe, sindano ya kroshia na kitambaa cha kochi kilichofumwa hadi nusu. Nikamwuliza ni cha nani. "Changu, mama. Nilianza nikiwa chuoni. Nilipopata kazi niliona hii ni shughuli ya watu wasio na kazi."

Nilimwomba aendelee. Sasa hufuma Jumamosi jioni, redio ikiwa imewashwa. Mama mmoja alipokiona kitambaa alimwambia papo hapo, "Fanya biashara, utauza!" Nilimsihi asiharakishe. Siku hizi kila kitu anachokipenda kijana tunataka kiwe mradi. Kupika ni mradi, kuimba ni mradi, hata maua ya mlangoni ni mradi. Mtu aliyehesabu misumari na mabati siku sita anahitaji saa mbili za kufanya kitu ambacho hakuna anayekidai. Mikono ikiwa na shughuli nyepesi, moyo hupata kutulia. Akitaka kuuza baadaye, ataamua mwenyewe.

Jioni moja nilimkuta akifumua mistari. Nikamwonea huruma. Akacheka, akasema, "Mama, ukikosea ukagundua mapema, unafumua mstari mmoja tu. Ukijifanya hujaona, ukaendelea kufuma juu yake, utafumua kumi." Nikamwambia hilo nitaliandika.

Daftari langu

Nami nilikuwa na mstari wa kufumua. Nilipeleka hoja kwenye kikao cha kwaya: asiyeweza kulipia sare aimbe na blauzi nyeupe na sketi nyeusi, na majina ya wadaiwa yasisomwe tena mbele ya watu. Haikupita kirahisi. Wapo waliosema kwaya itaonekana vibaya. Niliwakumbusha habari ya nabii Eliya alipochoka jangwani hadi akaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumwuliza ameacha wapi kazi aliyotumwa. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Maswali yalikuja baadaye. Kikao kilikubali.

Kina mama wenzangu, vijana hawa tunao. Wamepanga vyumba jirani na kwetu, tunawaona asubuhi wakikimbilia basi, nguo zimepigwa pasi na viatu vinang'aa. Tunadhani mwenye mshahara hana shida. Tunawauliza habari za mchango, habari za uchumba, lini wataoa au kuolewa. Mpikie mmoja sahani ya ziada Jumapili. Mwulize amekula nini, kisha usubiri jibu.

Mwezi uliopita nilitoka zamu ya usiku nikapitiliza ibadani. Baada ya baraka nilisimama mlangoni na daftari langu kama kawaida. Binti alikuja, damu yake sasa ni 12.4, amevaa blauzi yake nyeupe. Nilifungua mdomo nimsalimu, akaniwahi.

"Shikamoo, mama. Umekula nini leo?"

Nikakumbuka kwamba sikuwa nimekula kitu tangu saa nne usiku. Akanishika mkono, tukaenda kwake kula viazi.